Simba Kanyeshewa, Paka Kasingiziwa

Upo msemo ulioenea siku hizi kila pembe ya Uswahilini. Huonekana nyuma ya daladala, husikika vinywani mwa wanasiasa walioshindwa uchaguzi, na umepenya hadi katika beti za malenga wenye kujiheshimu: ukimwona simba kanyeshewa, usidhani ni paka. Maana yake ni wazi. Mkubwa ni mkubwa hata akifikwa na dhiki, na asidharauliwe kwa kuwa mvua imemlaza manyoya. Ni msemo mtamu, una picha, na aliyeutunga hakukosa ufundi. Hata hivyo umebeba madai mawili, na yote mawili ni ya uongo. La kwanza ni kwamba kati ya simba na paka hapana tofauti ila kimo na manyoya, kiasi kwamba manyunyu tu yanatosha kumchanganya mtazamaji. La pili ni kwamba kuwa paka ni fedheha.

Madai haya yangalibaki nyuma ya daladala yasingalimdhuru mtu. Msiba ni kwamba yamefanywa kanuni ya ushairi. Fungua diwani hii, fungua ile: kiongozi akisifiwa ni simba, bwana harusi akiingia ukumbini ni simba, mwanazuoni akifariki basi simba ameanguka. Ama mwoga, mdokozi wa jikoni, na yule anayerushiwa kijembe katika taarabu, hao ni paka. Simba, paka na chui wote ni mizani mbili. Mtunzi hapati taabu kumweka huyu mahali pa yule, na kwa hiyo huwabadilisha kama mtu abadilishavyo kofia, bila ya kujiuliza kila mmoja wao anaishi vipi.

Asili ya fahari ya simba inajulikana. Waarabu walimpa mamia ya majina, na baadhi ya majina hayo, Asad, Laith, Haidar, yamo katika nyumba za pwani mpaka leo. Bara nako simba amekuwa alama ya enzi tangu jadi. Pwani ikarithi huku na huku. Hapana ubaya wa kurithi. Ubaya ni kurithi jina na kuacha kumtazama mwenye jina. Washairi wengi wa visiwani hawajapata kumwona simba ila katika noti ya shilingi 2,000. Paka wamemwona tangu utotoni, wamemkanyaga mkia gizani, wamegombana naye kwa kichwa cha samaki, na bado hawajamtazama.

Wako pia wanaokosea kwa upande wa pili. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa watu wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, wakishirikiana na mwenzao wa bustani ya wanyama ya Bronx huko New York, uliolinganisha tabia za paka wa nyumbani na za paka mwitu wa Uskoti, simba wa Afrika na aina mbili za chui wa Asia. Waliowalea wanyama hao waliulizwa watoe alama: huyu ana ubabe kiasi gani, ana pupa kiasi gani, ana wasiwasi kiasi gani. Ikaonekana kwamba tabia za paka wa nyumbani na za simba hujipanga katika mafungu yanayofanana. Magazeti ya Ulaya na Marekani yakaipokea habari hiyo na kuigeuza: paka wako, laiti angekuwa na kimo cha simba, angekuua. Watafiti wenyewe hawakuandika hivyo. Kufanana kwa vipimo vya ubabe na wasiwasi si kufanana kwa nia, seuze kwa shabaha. Lakini uvumi ulikuwa mtamu, ukasafiri.

Basi huku paka anadharauliwa kwa kuwa si simba, kule anatuhumiwa kwa kuwa ni simba. Makosa hayo yanatazamana, lakini yamezaliwa na wazo moja, kwamba paka ni simba mdogo. Wazo hilo na lipimwe kwa matendo ya wanyama wenyewe.

Kwamba wao ni jamaa moja, hilo halina ubishi. Walitengana zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita, na bado alama za ukoo ziko wazi. Wote hunyatia kwa tumbo kugusa ardhi. Wote wana makucha yaingiayo alani. Wote hulala sehemu kubwa ya siku, kwa sababu mla nyama hushiba kwa muda mrefu na hana haja ya kuhangaika kama mbuzi. Wote husugua mashavu yao kwa yule wampendaye, wakimwachia harufu ya nyumbani. Na wote hawajui utamu. Mwaka 2005 wataalamu walibainisha kwamba chembe ya urithi inayowezesha ulimi kuonja sukari imeharibika kwa paka, kwa duma na kwa chuimilia. Mwekee paka sinia la halua. Hataikataa kwa adabu, bali haimhusu. Wahenga walilijua hili bila ya maabara waliposema kwamba paka hashibi kwa wali, matilaba yake panya. Huo ndio msemo uliozaliwa na jicho lililotazama. Na uwekwe kando ya ule wa simba aliyenyeshewa, tofauti ya mtunzi na mtunzi itaonekana.

Baada ya ukoo huja tofauti, na ya kwanza ni sauti. Mshairi ndiye aliyepaswa kuisikia kabla ya mtu mwingine. Simba, chui, chuimilia na jagwa wa Amerika hunguruma, paka hawezi. Paka naye, akiwa katika raha yake, hukoroma akivuta pumzi na akiitoa, bila ya kukatika. Simba hana mkoromo huo. Mwaka 1916 mtaalamu Mwingereza R. I. Pocock aliandika juu ya viungo vidogo vya kooni vinavyoushikilia ulimi. Kwa paka ni mfupa mtupu. Kwa simba na wenziwe sehemu yake ni kano inayonyumbuka. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyohesabiwa kuwa sababu ya ngurumo. Utafiti wa mwaka 2011 ukaongeza kwamba nyuzi za sauti za simba ni nene, bapa, zenye mafuta ndani yake, na kwa hiyo hutoa kishindo bila ya kutumia nguvu nyingi za pumzi. Kishindo hicho husikika hata kilomita 8 usiku uliotulia. Majike hunguruma kama madume. Simba hunguruma ili wenziwe waliotawanyika wajue alipo, na ili wageni wajue wasipoalikwa. Ni sauti ya kuzungumza na walio mbali.

Nyau ya paka ni kinyume chake, na ajabu yake ni kubwa zaidi. Paka mwitu akishakua ni nadra kumlilia mwenziwe nyau. Hiyo ni sauti ya mtoto kwa mama yake, na mtoto akiachishwa ziwa huiacha. Paka wa nyumbani hakuiacha. Ameichukua sauti ya utotoni, akaenda nayo utuuzimani, na akaielekeza kwa binadamu. Paka wawili watu wazima wakikutana juu ya ukuta husalimiana kwa mkia, kwa pua na kwa harufu. Wakigombana, hutoa vilio vya vita vinavyowaamsha majirani. Nyau ya kuomba wamemwekea mtu. Kwa maneno mengine, huyu ndiye mnyama aliyejitafutia lugha ya kusema na jamii isiyo yake, akajifunza ni mlio upi unaofungua mlango na upi unaoteremsha sahani. Kazi hiyo kwa Kiswahili inaitwa ufasiri. Na watu wa kalamu, ambao nusu ya riziki yao ni kufasiri, humwita huyo mpumbavu wa jikoni.

Tofauti ya pili iko katika meza na utawala, na hapa ndipo sifa ya usimba inapovuja kama pakacha. Kundi la simba ni la majike: mama, mabinti, dada, mashangazi, wanaokaa katika ardhi yao kizazi baada ya kizazi na kunyonyesheana watoto. Madume ni wageni wa miaka michache. Huja wawili au watatu, hupigana, hukaa, kisha huja wengine wenye nguvu zaidi na kuwafukuza. Wale wapya mara nyingi huwaua watoto waliowakuta, ili mama zao warudi haraka katika joto. Sehemu kubwa ya uwindaji hufanywa na majike. Dume huja na kula kwanza. Tena hata hayo mawindo si yake kila mara. Miaka ya 1960 Hans Kruuk alikesha katika bonde la Ngorongoro akiwafuatilia fisi, na katika kitabu chake cha mwaka 1972 akaeleza aliyoyaona: fisi waliwinda na kuua, simba wakaja kuwanyang'anya. Asubuhi mtalii alimkuta simba juu ya mzoga na fisi wamezunguka wakisubiri, akapiga picha ya mfalme na wezi wake. Mwizi alikuwa yule mwenye manyoya marefu shingoni.

Kwa hiyo malenga anayemwita kiongozi wake simba na ajue alichokitia katika ubeti. Amesema kwamba kazi hufanywa na wanawake na yeye hula mwanzo. Amesema kwamba chakula chake ni jasho la fisi. Amesema kwamba alipoingia aliua watoto wa aliyemtangulia, na kwamba mwenye nguvu zaidi yuko njiani. Huenda katika baadhi ya nchi sifa hiyo ni ya kweli kuliko mtungaji alivyokusudia. Lakini kama ndiyo kusudi lake, shairi liwekwe fungu la tanzia au la dhihaka, lisisomwe uwanjani siku ya sherehe.

Paka je? Husemwa ni mpweke na mchoyo, hana ndugu. Ni kweli kwamba huwinda peke yake, na sababu yake ni ndogo kama windo lenyewe: panya mmoja hawatoshi wawili. Simba hushirikiana kwa kuwa nyati humtosha kila mmoja wao, na kwa kuwa ardhi yenye maji na mawindo hailindwi na mmoja. Lakini mahali chakula kinapopatikana kwa wingi, paka naye huunda jamii, na jamii hiyo inashangaza kwa kufanana na ile ya simba. Anayetaka ushahidi hana haja ya kwenda Serengeti. Na aende soko la samaki la Malindi, Unguja, au ufukweni mwa Lamu mashua zinapoteremsha. Atawaona majike wa ukoo mmoja wamekaa pamoja, watoto wa mama huyu wananyonya kwa mama yule, na madume wanapita pembeni wakitafuta nafasi. Atamwona paka akimwendea mwenziwe kwa mkia uliosimama wima, ambayo ndiyo salamu yao. Salamu hiyo ya mkia imeonekana kwa paka wa nyumbani na kwa simba, wanyama wawili katika ukoo wote ambao wamejifunza kuishi na wenzao.

Hapa basi ndipo simba na paka wanapofanana kweli: katika malezi, katika undugu wa majike, katika salamu. Si katika ubabe. Ushairi umewafananisha pale wanapotofautiana na umenyamaza pale wanapofanana. Hakuna utenzi uliomsifu mtu kuwa ni simba kwa kuwa amemnyonyesha mtoto wa dada yake.

Hata jicho lina hoja yake. Mboni ya paka jua likiwaka husinyaa ikawa mstari wima. Ya simba na ya chui husinyaa ikabaki duara. Uchambuzi wa mwaka 2015 ulieleza kwamba mboni ya mstari humfaa mwindaji mfupi anayevizia karibu na ardhi, maana humsaidia kupima umbali wa windo kwa uhakika. Mrefu kama simba hana haja nayo. Maana yake ni kwamba paka hakuumbwa simba kisha akapunguzwa. Ana dunia yake, ya kimo chake, na katika dunia hiyo hana upungufu.

Tena hakutekwa. Mbwa, ng'ombe na farasi waliletwa nyumbani kwa kamba. Paka alikuja mwenyewe. Uchunguzi wa urithi uliochapishwa mwaka 2007 ulionesha kwamba paka wote wa nyumbani wametokana na paka mwitu wa Mashariki ya Kati, wa spishi ile ile ambayo hata leo imo katika nyika za Kenya na Tanzania bara. Watu walipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani, panya walikuja. Panya walipokuja, paka akafuata. Katika kisiwa cha Saiprasi limefukuliwa kaburi la takriban miaka 9,500 iliyopita ambamo mtu alizikwa na paka pembeni yake, na kwa kuwa kisiwa hicho hakikuwa na paka wa asili, huyo alivushwa kwa chombo. Watu wa visiwani wana haki ya kuikumbuka safari hiyo. Tangu hapo paka na mtu wana mkataba ambao haukuandikwa: huyu ataua panya, yule hatamfukuza. Paka wa nyumba haingwi, wakasema wahenga, na hilo nalo ni neno la watu waliotazama.

Mkataba huo umetambuliwa hata katika mafunzo ya dini ambayo pwani imelelewa nayo. Sahaba Abu Huraira alipata lakabu yake kwa ajili ya kijipaka. Maji aliyoyagusa paka hayakuhesabiwa najisi, kwa kuwa yeye ni miongoni mwa wale wanaozunguka ndani ya nyumba. Na iko hadithi mashuhuri ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka: hakumlisha, wala hakumwacha atoke ajitafutie vijidudu vya ardhini. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kuzingatiwa. Ndani yake paka anajulikana kuwa ni mwindaji anayeweza kujitegemea, na dhulma aliyofanyiwa ni kunyimwa vyote viwili, sahani na uhuru. Humo hamna simba mdogo wala mwanasesere.

Haya hayasemwi ili paka afanywe malaika. Uchambuzi wa mwaka 2016 ulimhusisha paka na kutoweka kwa spishi 63 za ndege, mamalia na reptilia duniani, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za visiwani. Katika kisiwa cha Stephens, Nyuzilandi, alikuwepo ndege mdogo asiyeruka. Miaka ya 1890 ukajengwa mnara wa taa, wakaja paka pamoja na walinzi wake, na katika muda mfupi ndege huyo hakuonekana tena. Simba hajapata kuvishwa hatia ya namna hiyo. Anayetaka sitiari ya muuaji wa kutisha anaye nyumbani kwake, amejikunja juu ya mkeka.

Wako watakaosema kwamba haya yote ni elimu ya wanyama, na ushairi si elimu ya wanyama. Watasema kwamba simba wa shairi ni simba wa shairi, hana haja ya kula wala kuzaa, na kwamba kumdai malenga ukweli wa Ngorongoro ni sawa na kumdai mwimbaji stakabadhi ya machozi yake. Hoja hii ina sura nzuri, lakini haisimami. Tashbihi ina miguu miwili, kifananishwacho na kifananishwa nacho. Mguu wa pili ukiwa wa hewa, ubeti unachechemea hata kama vina vimekaa na mizani imetimia. Isitoshe, watu hawaziachi sitiari ndani ya vitabu. Huzichukua wakatoka nazo nje, na huko nje zina matendo.

Mwaka 1898, reli kutoka Mombasa ilipofika mto Tsavo, simba wawili madume wasio na manyoya ya shingoni walianza kuwatoa wafanyakazi mahemani. Wajenzi wakaamini kwamba hao si simba bali ni mashetani, na kazi ikasimama. J. H. Patterson aliwaua mwezi wa Desemba, na baadaye akadai kwamba walikwisha kuwaua watu 135. Masalio yao yako katika makumbusho huko Chicago. Waliochunguza mifupa na manyoya yao mwaka 2009 walikadiria takriban watu 35, na tayari ilikwisha kuonekana kwamba mmoja wao alikuwa na jino lililovunjika na usaha katika taya. Watu 35 ni msiba mkubwa. Lakini shetani mwenye jipu la jino ni mnyama mgonjwa aliyekosa nguvu ya kumkaba nyati, na elimu hiyo ingaliwafaa waliolala Tsavo kuliko hirizi.

Unguja ina kisa chake, tena kizito zaidi. Bahari ilipopanda mwishoni mwa enzi ya barafu na kukitenga kisiwa na bara, chui walibaki ndani. Yapata wakati huo huo, huko Mashariki ya Kati, paka mwitu alikuwa akijongea kwenye maghala: binamu mmoja amefungiwa na maji, mwingine anabisha hodi. Chui wa Unguja aliishi msituni, akila paa, kima na panya, na mara nyingine mbuzi na kuku wa watu. Mwaka 1932 Pocock, yule yule aliyeandika juu ya koo la simba, alimpa jina lake la kitaalamu, adersi, kwa heshima ya Dakta Aders aliyefanya kazi Zanzibar, akitaja madoa yake madogo yaliyosongamana. Wataalamu wa baadaye wamewaunganisha chui wote wa Afrika katika jina moja, lakini ngozi aliyoitumia Pocock ingaliko London, na makumbusho ya Zanzibar ilihifadhi chui mmoja aliyekaushwa.

Vijijini hakujulikana kwa jina hilo. Ilisemwa kwamba wako watu wafugao chui kwa uchawi: huwalea tangu wadogo, huwalisha, huwatuma usiku kwa adui, na wao hutii na kurudi. Martin Walsh na Helle Goldman, waliofanya utafiti wa miaka mingi juu ya jambo hili, wameeleza jinsi imani hiyo ilivyoshamiri kadiri mashamba yalivyosogea msituni na chui wakawa karibu zaidi na watu. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ilifanyika kampeni ya kisiwa kizima ya kusaka wachawi na kuua chui, kwa pamoja. Msako wa chui uliendelea kwa miongo. Miaka ya 1990 wahifadhi walipokuja kutafuta, wapo walioahidi kuwaonesha chui wa kufugwa kwa malipo. Hakuna chui aliyeletwa. Mwaka 2018 kamera ya kipindi cha televisheni ilinasa picha ya mnyama aliyesemwa kuwa ni chui wa Unguja, na tangu hapo hapana ushahidi wa kutosha kwamba yuko mahali popote kisiwani.

Na itazamwe imani ile kwa jicho la fasihi. Chui anayelelewa tangu mdogo, anayekula mkononi, anayetoka usiku na kurudi alfajiri, anayemjua bwana wake: huyo si chui, ni paka. Watu walichukua tabia za mnyama wa jikoni wakamvika mnyama wa msituni, kisha wakaongeza jambo ambalo hata wa jikoni hana, yaani utiifu. Chui ni mpweke kuliko paka na kuliko simba. Jike hukaa na watoto wake tu, dume hukaa na kivuli chake. Hubadili malalo, huficha windo lake mtini, hupita karibu na nyumba bila ya kuonekana. Mjini Mumbai, India, chui makumi kadhaa wanaishi katika hifadhi iliyozungukwa na mamilioni ya watu, na wengi wa watu hao hawajapata kuwaona. Chui wa Unguja alikuja uwani kwa sababu msitu ulikatwa na kuku walikuwepo. Hakutumwa na mtu.

Na ushahidi ulikuwa chini ya meza ya kila nyumba. Paka amekaa na binadamu kwa maelfu ya miaka, amelishwa, amebembelezwa, ameimbiwa, na hajapata kutumwa hata kuleta kibiriti. Ikiwa paka hatumwi, chui angetumwaje kuua mbuzi wa jirani? Swali hilo moja, likiulizwa na watu waliomtazama paka wao, lingalitosha. Halikuulizwa kwa sauti ya kusikika, na washairi, ambao kazi yao ni kupima kama kitu kinafanana na kitu, hawakuwasaidia watu kuliuliza. Hasira ya mwenye mbuzi aliyeliwa ilikuwa ya haki. Hofu ya mzazi ilikuwa ya haki. Kilichoigeuza hasira ya haki kuwa msako wa kumaliza kizazi ni mfano mbovu uliosadikiwa.

Ndiyo maana suala la paka na simba si mchezo wa vina. Kisiwa kilichompoteza chui wake kwa kumdhania paka wa mchawi hakina ruhusa ya kuendelea kutunga kana kwamba wanyama ni nguo za kuazima. Anayetaka kumsifu mtu kwa usimba, na amsifu kwa malezi ya pamoja na kwa ngurumo inayowaita waliopotea, kwa kuwa hayo simba anayo. Anayetaka kumtukana mtu kwa upaka, na atafute tusi jingine. Paka ni mwenye nyumba aliyekuja kwa hiari, msema lugha mbili, mwindaji asiye na bwana. Na anayetaka kuandika juu ya chui wa kwao, na aanze kwa kuwasikiliza wazee wa kusini na mashariki ya Unguja waliomwona kwa macho, kabla nao hawajaondoka, na awaulize alitembeaje, alilia vipi, alilala wapi. Beti za namna hiyo bado hazijaandikwa.

Na ule msemo wa daladala unaweza kusahihishwa bila ya kupoteza utamu wake. Simba aliyenyeshewa ni simba, amelowa, anangoja mvua ikatike kama alivyongoja babu yake. Paka hawezi kudhaniwa kuwa ndiye, kwa kuwa mawingu yalipoanza kutanda yeye alikwisha kuingia ndani.